Sukari ya Nainai, Shira ya Mama Mkwe

Jiko letu la Wuxi ni la gesi, pleti mbili, na kwa arobaini nzima pleti hizo zilikuwa na wenyewe. Ya kushoto ilikuwa ya mama mkwe, aliyetoka Tanga kuja kumlea mzazi. Ya kulia ilikuwa ya bibi wa ghorofa ya chini, ambaye watoto wote wa jengo humwita Nainai. Hakuna aliyemwita. Alimwona mke wangu akishuka kwenye teksi na kichanga mikononi, na jioni ile ile akapanda ngazi na sufuria yake. Katikati ya bibi hao wawili alisimama binti yetu wa miaka saba, mkalimani pekee wa jikoni, maana mke wangu alikuwa ndani na Kichina changu hakivuki sokoni.

Wuxi uko jimbo la Jiangsu, kando ya ziwa Taihu, chini ya saa moja kwa treni ya kasi kutoka Shanghai. Tulihamia huko mke wangu alipopata nafasi ya kusomea sayansi ya chakula Chuo Kikuu cha Jiangnan. Wachina wa mikoa mingine wakisikia unakaa Wuxi, swali lao la kwanza ni kama chakula cha huko unakiweza, kwa kuwa mji huu unajulikana nchi nzima kwa kutia sukari kwenye mboga. Mbavu za nguruwe, ambazo sisi hatuli, ndizo zenye jina kubwa, lakini sukari hiyo hiyo imo kwenye mikunga ya kukaanga, kwenye uduvi, hata kwenye mboga za majani. Na watu hao hao chai yao hawaitii hata chembe. Mama mkwe alikuwa amesikia habari ya chai peke yake. Kwa hiyo alikuja na kilo kadhaa za sukari nyeupe begini, pamoja na iliki, pilipili manga na kibati cha halwa ya Unguja, akiamini anakwenda kwa watu waliopungukiwa.

Mboga ya kwanza ya Nainai ilikuwa samaki. Vipande vya samaki wa ziwani vimekaangwa mpaka vikakauka, kisha vikatoswa vingali vya moto kwenye mchuzi uliopoa wa soya, tangawizi, viungo na sukari ya mawe. Kwa macho ungeapa ni samaki wa Deep Sea, wale wanaokaangwa pale Tanga boti zikiingia. Mama mkwe akamega, akatia mdomoni, akaacha kutafuna.

"Nani kamwaga sukari humu?"

Macho yote yakamwendea mtoto. Mtoto akaapa hakushika kitu. Mama mkwe hakungoja ushahidi. Alipeleka samaki bombani, akawaosha kipande kwa kipande, akakamua limau, akatia chumvi na pilipili mbuzi, akawarudisha kikaangoni. Nainai alipopanda kufuata sahani yake, alikuta harufu si aliyoiacha. Akafunua kikaango. Akachovya ncha ya kijiti kwenye mchuzi, akaonja, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli kabisa, akanyoosha mkono kwenye kopo la sukari na kurudisha vijiko viwili. Mama mkwe alikuwa amesimama pale pale, upawa mkononi.

"Mwambie bibi yako," akamwambia mjukuu, "samaki si andazi."

Mtoto akatafsiri. Nainai akajibu kwa upole, na mtoto akamgeukia bibi yake: "Anasema ndiyo, ndiyo maana ametia kidogo."

Mke wangu ilibidi aeleze kupitia mlango wa chumba. Katika mapishi ya Wuxi, Suzhou na Shanghai, sukari inakaa rafu moja na chumvi, soya na siki. Kazi yake ni kuvunja ukali wa soya, kuzima shombo la samaki, na kuupa mchuzi rangi na mng'ao. Mpishi mzuri wa huko akikutilia sukari, hataki uile sukari. Anataka chumvi isikupige. Mama mkwe alisikiliza akiwa amekunja uso. Nikamkumbusha ndizi mbivu za nazi anazopika Ramadhani, zenye sukari na iliki, tunazokula kwenye sinia moja na samaki na mchuzi wa nyama. Nikamkumbusha mahamri kwa mbaazi. Akanitazama kwa muda.

"Mkwe wangu," akasema, "ndizi ni ndizi."

Kesho yake ikaja zamu yake ya kukaribisha. Alipika chai ya maziwa kwa iliki na tangawizi, akaitia sukari ya kutosha mgeni wa heshima, akamkalisha Nainai sebuleni na kumpa kikombe kikubwa. Nainai alikunywa funda moja. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akachukua chupa ya maji ya moto na kuongeza maji mpaka chai ikafika ukingoni. Akanywa yote, akashukuru, akaondoka. Kwa mtu wa Tanga tendo lile ni zito. Kwetu sukari ndiyo karibu yenyewe: mwenye nyumba anayepunguza sukari kwenye chai ya mgeni amesema jambo, na mgeni anayeizimua amejibu.

Na Nainai naye alipotualika kwake ikawa yale yale kwa upande wa pili. Alitutengea chai ya Biluochun, inayolimwa kwenye vilima vya kando ya Taihu, majani machanga yaliyojikunja ambayo hufunguka taratibu ndani ya glasi na kuzama moja moja. Chai hiyo ni ghali, na alitutolea ile ya machipukizi ya kwanza ya mwaka. Kuitia sukari kungekuwa kuifuta ladha aliyoinunua kwa ajili yetu. Mama mkwe aliona majani mabichi, maji ya moto na bakuli la mbegu za alizeti. Tulipofika juu akauliza kama yule mama ana shida ya fedha.

Ningependa kusema mke wangu alilala usingizi wa mzazi siku zile, lakini hakulala. Kila upande ulikuwa na dawa yake. Kwa Wachina mzazi hukaa ndani mwezi mmoja, kwetu siku arobaini; pande zote mbili zinamkataza maji baridi na upepo, na hapo bibi hawa walielewana bila mkalimani. Ila mama mkwe alimpikia uji wa pilipili manga unaochoma koo, na Nainai akaja na bakuli la mayai yaliyochemshwa ndani ya mchele uliochachushwa, kitu ambacho wanawake wa huko hupewa ili maziwa yatoke. Ni kitamu, cheupe, na kina kilevi kidogo. Mama mkwe alinusa mvuke wake kabla bakuli halijagusa meza.

"Pombe! Kwa mtoto mchanga!"

Sauti ile ilisikika mpaka kwenye lifti. Kichanga kikaamka, mke wangu akatoka na khanga moja, binti yetu akaanza kulia kwa kuwa hakujua atafsiri nini. Nainai alisimama na bakuli lake, hajui kosa. Mke wangu ndiye aliyemweleza kwamba sisi ni Waislamu na kileo hatukigusi, hata cha kwenye dawa. Nainai alichukua bakuli lake na kushuka nalo. Nilidhani ndiyo mwisho wa pleti ya kulia.

Alirudi baada ya nusu saa na pakiti ya karatasi. Ndani mlikuwa na mabonge ya sukari ya kahawia iliyokolea, yamekatwa pembe nne. Mama mkwe alichukua bonge moja, akalinusa, akalikwangua kwa ukucha, akalamba. Uso ukamfunguka.

"Sukari guru hii!"

Ilikuwa sukari guru kweli, ya miwa, isiyosafishwa, ile ambayo mwanamke wa Kichina hupewa kwa maji ya tangawizi akiwa kwenye siku zake na akishajifungua. Nainai akaeleza, na mtoto akafikisha kadiri alivyoweza, kwamba katika tiba yao ya kale utamu una kazi yake: ni ladha ya udongo, ya katikati, inayokwenda kwenye wengu na kurudisha nguvu, ukizidi huujaza mwili unyevu na uzito. Kwa hiyo aliyedhoofika hupewa, mwenye nguvu hujizuia. Yule mama aliyezimua chai ndiye aliyekuwa sasa anamimina guru kwenye bakuli la mzazi bila kupima. Mama mkwe akaongeza pilipili manga. Nainai akaonja, akakohoa, akaonja tena. Tangu siku ile mke wangu alikunywa kitu kimoja badala ya viwili, na pleti moja ikapumzika asubuhi.

Mwezi ulipotimia Nainai alileta mayai yaliyopakwa rangi nyekundu, kama desturi yao ilivyo, nasi tukamwambia sherehe yetu bado. Ya kwetu ilikuwa arobaini, na mama mkwe aliamua kuifanya kwa kaimati. Nainai alimwazima karai lake la chuma, lile la kupikia kila kitu, jeusi kwa miaka ya matumizi. Kaimati zikakaangwa tangu alfajiri, sinia baada ya sinia. Shira ikawekwa jikoni mwisho: sukari yote iliyobaki kwenye begi la Tanga, maji, iliki, zafarani.

Ndipo wageni wakafika mapema. Wenzake mke wangu wa chuo walikuja kwa kundi, na mkononi wamebeba vikombe vya chai ya maziwa ya dukani, baridi, kila kikombe na karatasi yake inayosema kimetiwa sukari kiasi gani. Kule unapoagiza unaulizwa: sukari kamili, asilimia 70, nusu, asilimia 30, au bila. Karibu vyote vilikuwa vya 30. Mama mkwe alikwenda mlangoni kupokea, akasalimia mmoja mmoja, akaonyesha mjukuu, akaulizia wazazi wao. Shira ikabaki na moto wake.

Moshi ndio uliotuita. Shira ilikuwa imepanda, imemwagikia jiko, imezima pleti moja na kuwaka kwenye ya pili. Iliyobaki ndani ya karai ilikuwa nyeusi tii na inapasuka mapovu. Kengele ya moshi ya korido ikaanza. Mlinzi akapanda mbio na kizimamoto. Nainai alimwahi, akafunga gesi, akafunika karai kwa mfuniko, akafungua dirisha, akamrudisha mlinzi alikotoka. Kisha akachungulia ile lami iliyokuwa shira na kusema neno lililowachekesha wageni wote. Alikuwa amekumbuka desturi ya mwezi wa mwisho wa kalenda yao, tarehe 23 au 24, ambapo watu hupaka peremende ya kimea mdomoni mwa sanamu ya mungu wa jiko, ili akienda mbinguni kutoa ripoti ya nyumba aseme mazuri, au midomo igande asiseme kitu. Mwaka huu, alisema, jiko lenu limeshapewa lake mapema.

Peremende ile, mke wangu alituambia wakati tunakwangua, ni ya kale kuliko sukari ya miwa. Kwa karne nyingi utamu wa Wachina ulikuwa asali na kimea cha nafaka. Mwaka 647 mfalme Taizong wa enzi ya Tang alituma watu Magadha, India, wakajifunze namna ya kuchemsha sukari ya miwa. Nchi iliyojifunza sukari kwa utaratibu namna ile haikuizoea ovyo. Mpaka leo Mchina mmoja kwa wastani hutumia karibu nusu tu ya sukari anayotumia mtu wa kawaida duniani.

Kaimati zikaenda mezani kavu. Mama mkwe alizibeba kwa aibu iliyonichoma roho, akarudia kusema kwa Kiswahili, kwa watu wasiojua Kiswahili, kwamba hazijaisha, zimepungukiwa, wamsamehe. Wageni wakala. Sinia la kwanza likaisha. Likaja la pili. Kila mmoja alikuwa na la kusema, na lote lilikuwa moja, binti yetu akachoka kulirudia: "Bibi, wanasema nzuri, si tamu sana."

Mama mkwe akaketi. "Si wanaona wenyewe," akasema polepole. "Wamenionea huruma."

Mke wangu akamshika mkono. Akamwambia hiyo ndiyo sifa ya juu kabisa ambayo Mchina humpa mpishi wa vitamutamu. Keki ya sikukuu ya kuzaliwa husifiwa hivyo, pamoja na vitobosha vya maharage mekundu na uji wa ufuta mweusi. Maana yake ni kwamba umemwachia mlaji nafasi ya kuonja unga, iliki, mafuta, mkono wako. Mama mkwe hakukubali siku ile. Kwake kaimati bila shira ilikuwa kazi iliyoachwa njiani, na mimi, niliyekulia kwenye shira, niko upande wake.

Usidhani hao Wachina wenyewe wamepatana. Kwenye meza ile ile kulizuka ubishi uliowafanya wasahau mtoto. Uliletwa na tofu laini ya asubuhi, ile inayoliwa kwa kijiko. Kijana wa Beijing huila na mchuzi wa chumvi. Dada wa Chengdu na mafuta ya pilipili. Wa Guangzhou na shira ya tangawizi, na akasema wanaoitia chumvi wanaharibu kitu kizuri. Wakahamia kwenye mayai ya nyanya, mboga ya kila nyumba China: sukari ndani au hapana? Sauti zikapanda. Kijana wa Hunan akasema msiba mkubwa ni wa kuku wa Jenerali Tso, aliyebuniwa na mpishi wa kwao, Peng Chang-kuei, huko Taiwan miaka ya 1950 bila sukari kabisa, akafika New York miaka ya 1970 na kugeuzwa peremende. Kisha mmoja, mpenda historia, akawanyamazisha wote kwa Shen Kuo, msomi wa karne ya 11, aliyeandika kwamba watu wa kusini hupenda chumvi na wa kaskazini hupenda utamu. Leo watu husema kinyume chake. Wapo wanaoamini ladha ilihama na watu, ufalme wa Song ulipopoteza Kaifeng mwaka 1127 na baraza lake kukimbilia Hangzhou, kusini. Mama mkwe, aliyekuwa amepewa kikombe pekee cha sukari kamili, alimsikiliza mtoto akitafsiri vita hivyo na kusema kumbe hata wao wanagombana.

Lililowapatanisha bibi hawa ni kile kibati cha halwa. Mama mkwe alikuwa amempa Nainai wiki ya kwanza na hakusikia neno. Baada ya arobaini binti yetu, aliyekuwa akicheza chini, akaja na habari: kibati kiko kabatini kwa Nainai, hakijafunguliwa. Mama mkwe alishuka mwenyewe kurudisha karai, tulilokwisha kulisugua, nami na mtoto tukamfuata, nikihofia maneno. Nainai alifungua kabati kutoa kikombe. Kibati kilikuwa pale, na mbele yake boksi la vidonge. Mama mkwe alilichukua. Maandishi ya Kichina hakuyajua, lakini chini yalikuwapo ya Kilatini, na neno lile alilijua kwa miaka: metformini. Mumewe, mkwe wangu marehemu, alivimeza asubuhi na jioni mpaka sukari ilipomchukua.

"Nani?" akauliza. Nainai akaonyesha chumba cha ndani, alikolala mzee wake.

Watu wakisikia Mchina hapendi vitamu mno hudhani kisukari hakipo kwake. Kwa makadirio ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari ya mwaka 2021, China ina watu wazima zaidi ya milioni 140 wenye ugonjwa huo, wengi kuliko nchi yoyote. Unakuja pia kwa wali mweupe, kwa kukaa, kwa umri, kwa damu ya ukoo. Nainai hakuweza kufungua halwa mbele ya mzee anayeipenda, na hakuweza kuitupa zawadi. Mama mkwe alimwomba mtoto amwambie kwamba na yeye kwake aliwahi kuficha halwa kabatini. Wakakaa. Chai ya Biluochun ikaja, na mama mkwe aliinywa ilivyo.

Amesharudi Tanga. Hakuacha sukari kwenye chai yake, na Nainai bado anasema ile chai ya maziwa ingemtosha mtu kwa wiki. Lakini juzi mama mkwe alipiga simu akiwa na changu kikaangoni, anataka kujua kama sukari guru itafaa badala ya ile ya mawe. Inafaa. Nawe msomaji ukitaka kujaribu: kwa samaki wa kilo moja, kaanga mpaka wakauke, chemsha soya, maji kidogo, tangawizi na kijiko kimoja cha guru, acha vipoe, kisha watose samaki wangali wa moto. Limau weka mezani, kila mtu ajikamulie.